Fundi wa Waya na Akiba ya Betri Ndogo

Umeme wa pikipiki huzaliwa kwenye injini. Nyuma ya kifuniko cha pembeni, kwa kawaida cha kushoto, gurudumu zito lililobeba sumaku huzunguka pamoja na krenki, na katikati yake zimekaa koili za waya wa shaba zisizosogea. Sumaku ikipita mbele ya koili, umeme hutembea ndani ya shaba. Michael Faraday aliidhihirisha kanuni hiyo mwaka wa 1831, na pikipiki inayopanda kilima cha Kwale leo ingali inaifuata. Umeme unaotoka hapo ni wa kwenda na kurudi. Rekitifaya huunyoosha uende upande mmoja, huuzuia usipande kupita volti 14 na nusu hivi, na kinachozidi hukigeuza kuwa joto. Ndiyo maana kifaa hicho kina mapezi ya alumini na hufungwa mahali panapopata upepo. Betri hupokea kinachobaki na kukihifadhi. Ni akiba tu, na anayefunga taa, chaja au redio kwenye akiba asiyoijua mapato yake amekwisha kukosea kabla hajamenya waya wa kwanza.

Kuyajua mapato hayo, kuyapangia matumizi na kuhakikisha kwamba asubuhi bado kuna cha kuwashia injini ndiyo kazi ya fundi wa waya. Pwani ya kusini ya Kenya inamtegemea kuliko inavyomtaja. Tangu pikipiki zisizozidi sisi 250 zilipoondolewa VAT mwaka wa 2008, bodaboda zimejaa kwenye kila njia panda ya barabara kuu, kuanzia Likoni, kupitia Ukunda na Msambweni, hadi Lunga Lunga. Lakini kazi nyingi ya boda hufanyika nje ya lami. Njia za kuingia Muhaka, Kinondo na vijiji vilivyo nyuma ya Msambweni ni za mchanga na udongo mwekundu, na usiku hazina taa hata moja. Wafanyakazi wa hoteli za Diani hutoka zamu wakati matatu zimepungua. Mama mwenye uchungu hupakiwa na jirani yake hadi hospitali ya Msambweni. Simu ya mwendeshaji ndiyo ofisi yake: mteja humpigia, nauli huingia kwa M-Pesa, na simu ikizima kazi imesimama. Kwa mtu wa namna hiyo, taa ya ziada na chaja ya simu ni zana za kazi, na anayezifunga vizuri anafanya kazi ya maana.

Ugumu wote unatokana na udogo wa betri. Gari dogo hubeba betri ya ampia-saa (Ah) 40 au zaidi. Pikipiki za boda hubeba kati ya Ah 2.5 na 9. Nyingi ni za asidi na risasi, aina aliyoianzisha Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859. Ikiwa imejaa na imepumzika, betri ya namna hii husoma karibu volti 12.7. Ikisoma 12.0 iko karibu na kumalizika, ingawa honi bado italia na mwenyewe ataamini kwamba kila kitu ni salama. Betri ikiachwa katika hali hiyo kwa siku kadhaa, chumvi ya risasi iliyozuka kwenye bamba zake huganda na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiwezi kuziyeyusha tena. Mara nyingi betri ya pikipiki haifi kwa kutumika. Huuawa kwa kumalizwa mara kwa mara na kuachwa tupu. Ndiyo maana wengi hununua betri mpya kila baada ya miezi michache, wanalaumu duka, na kumbe kosa liko chini ya kiti.

Fundi stadi huanza kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi: wati zikigawanywa kwa volti hutoa ampia. Injini ya sisi 100 hadi 150 mara nyingi huzalisha chini ya wati 100, tena ikiwa mwendoni. Ikinguruma palepale bila kwenda, kiasi hicho hushuka sana. Ichukuliwe pikipiki inayotoa wati 80 barabarani. Taa ya mbele ya halojeni hula 35, taa ya nyuma 5. Mfumo wa kuwasha plagi una fungu lake, taa ya breki huongeza 21 kila mguu unapokanyaga, na indiketa mbili za wati 10 huwaka na kuzima. Baada ya hayo yote, kilichobaki cha uhakika ni wati 20 hivi, pengine chini yake. Mwendeshaji anapoleta spoti mbili za wati 20 kila moja, zilizonunuliwa Ukunda kwa sababu zinang'aa sana, jibu liko kwenye tarakimu: zitakula zaidi ya mapato, na tofauti itatoka kwenye betri kila dakika ya safari. Spoti mbili za LED za wati 8 zitawezekana. Chaja ya simu ya volti 5 na ampia 2, yaani wati 10, huchota karibu ampia moja kutoka volti 12; itawezekana peke yake, au pamoja na taa moja.

Hapo ndipo tabia ya fundi inapojulikana. Kufunga kila anacholetewa ni rahisi, na fedha hupatikana haraka. Kumwambia mteja kwamba vitu vitatu alivyobeba mkononi havitatoshea, kumwomba achague kimoja, na kukubali ujira mdogo kwa siku hiyo, kunahitaji moyo. Fundi anayefanya hivyo hulipwa baadaye na sifa ya steji, ambako habari za pikipiki inayokataa selfu alfajiri husambaa upesi, na habari za ile isiyokataa pia.

Kuna njia ya kupata nafasi zaidi, na katika njia hiyo ufundi huonekana kwa ukamilifu. Katika pikipiki nyingi za bei nafuu, taa ya mbele hailishwi na betri kabisa. Hupata umeme wa kwenda na kurudi moja kwa moja kutoka kwenye koili, na ndiyo sababu hufifia injini ikipunguza mwendo na kung'aa mkono ukikaza mafuta. Upande mmoja wa koili umeunganishwa na bodi, hivyo betri hupata nusu tu ya kila wimbi na nusu ya pili huenda kwenye taa. Mtu akichomeka taa ya LED ya volti 12 mahali pa halojeni bila kujua hili, itapepesa au itaungua. Fundi anayejua hufungua kifuniko, hutafuta kiungo kile kilichoshikiliwa kwenye bodi, hukiyeyusha kwa chuma cha kulehemu, huunganisha waya mpya unaostahimili joto na mafuta, na kuutoa nje pamoja na wenzake. Kisha hufunga rekitifaya ya mawimbi kamili, huhamishia taa ya mbele upande wa betri, na kuweka LED ya wati 15 hivi mahali pa halojeni ya 35. Kwa kazi ya nusu siku, koili zilezile zinalisha betri kwa mawimbi yote, na matumizi ya taa yamepungua kwa zaidi ya nusu. Kiungo kilicholehemiwa ndani ya kifuniko hicho kitaishi kwenye mafuta ya moto na mtikisiko usiokoma, na hakuna atakayekiona mpaka injini ifunguliwe tena. Kazi isiyoonekana ikifanywa vizuri kiasi hicho humpa fundi heshima ambayo rangi na vibandiko haviwezi kumpa.

Baada ya hesabu huja swali la mahali pa kuchukulia umeme. Kosa la kawaida ni kumenya waya wowote wenye moto karibu na usukani, kusokota waya mwingine juu yake na kuzungusha tepu. Kosa jingine ni kwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya betri bila swichi ya ufunguo katikati, hivi kwamba kifaa hubaki kimeamka hata pikipiki ikiwa imelala uani. Njia sahihi hutumia rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Waya mnene hutoka kwenye nguzo chanya ya betri, hupita kwenye fyuzi isiyo mbali na nguzo hiyo, na kuingia kwenye rilei kwa pini namba 30. Pini 87 hupeleka umeme kwenye vifaa. Pini 85 na 86 ni za koili ndogo ya rilei, moja ikiwa imeunganishwa na ardhi na nyingine na waya unaopata moto pale tu ufunguo unapowashwa. Koili hiyo huchota sehemu ndogo tu ya ampia moja, kwa hiyo swichi ya ufunguo haichomwi na mzigo wa taa. Ufunguo ukitolewa, kila kilichoongezwa hufa pamoja nao. Fyuzi hulinda waya, wala si taa: waya mwembamba ukiwekewa fyuzi ya ampia 20 utawaka kabla fyuzi haijakatika, na tangi la petroli liko sentimita chache juu yake.

Unene wa waya una hesabu yake pia. Waya wa shaba wa milimita ya mraba 0.5, ukienda na kurudi mita 3 huku ukibeba ampia 5, hupoteza nusu volti hivi njiani kama joto, na wa 1.5 hupoteza theluthi ya hiyo. Bodi ya chuma inaweza kutumika kama njia ya kurudi, na viwanda hufanya hivyo, lakini pwani si mahali pa kuitegemea bodi kwa vifaa vya kuongezwa. Fundi mwangalifu hurudisha waya hasi mpaka kwenye betri.

Sababu ni chumvi. Upepo unaotoka baharini, uwe wa kusi au wa kaskazi, hubeba unyevu wa chumvi hadi ndani ya kila kiungo, na shaba iliyosokotwa tu na kuvikwa tepu hugeuka kijani chini ya tepu hiyo katika muda mfupi. Kiungo chenye kutu hiyo hupunguza umeme kidogokidogo, huchemka, na hudanganya: taa huwaka, lakini chaji haifiki. Mvua za masika huongeza maji, na vumbi la Shimba Hills hukausha grisi na kuingia kwenye soketi. Basi viungo hulehemiwa au hubanwa kwa koleo maalumu, huvalishwa mpira unaosinyaa kwa moto, na nguzo za betri hupakwa vaselini baada ya kukazwa. Waya hupitishwa mbali na shingo ya usukani inapokunjika, kwa kuwa pale hukatika ndani bila ganda kuonyesha dalili, na hufungwa pamoja na mkungu wa waya za kiwandani ili macho ya mtu mwingine yaweze kuufuata. Kufikiria fundi atakayefuata, ambaye huenda asijulikane kamwe, ni sehemu ya adabu ya kazi hii.

Kabla ya kukabidhi, fundi hupima. Mita ikiwekwa kwenye nguzo za betri wakati injini imepandishwa mwendo na kila kifaa kimewashwa, inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya 13, hesabu ilikuwa ya uongo na kitu kimoja lazima kitoke. Kisha ufunguo hutolewa na mita huingizwa katikati ya nguzo na waya wake ili kupima uvujaji. Miliampia 20 huonekana kama si kitu, lakini kwa siku nzima ni karibu nusu Ah, na betri ya Ah 5 huisha kwa siku kumi hivi. Pikipiki iliyoachwa nyumbani wakati mwenyewe amesafiri itakutwa imekufa. Hivyo ndivyo chaja za bei rahisi na vifaa vya kuonyesha volti vinavyoachwa vimewaka huua betri polepole.

Kinachobaki ni steji yenyewe. Redio inayokula ampia 1.5 ikipigwa saa mbili huku injini imezimwa, humeza Ah 3, zaidi ya nusu ya betri nyingi, na safari fupi za Ukunda hadi Diani hazina urefu wa kuzirudisha. Kwa anayetaka muziki, fundi anaweza kuongeza kikatizi kinachofunga umeme volti zinaposhuka karibu na 12. Kwa asiyetaka kulipia hicho, husema wazi kwamba redio ni ya barabarani, na humkumbusha kwamba kiki bado ipo.

Gharama ya betri inayokufa mapema haiishii mfukoni mwa mwendeshaji. Pwani hii inalijua jambo hilo kwa uchungu: katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliwatia sumu wakazi, watoto wao wakiwa miongoni mwao. Phyllis Omido aliyewapigania alipewa Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015, na mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Diani na Ukunda zimekaa juu ya miamba ya matumbawe yenye vinyweleo, na nyumba nyingi hunywa maji ya visima. Asidi inayomwagwa nyuma ya banda la fundi inaweza kufika kisimani. Kwa hiyo betri iliyoshindikana huwekwa wima, haipasuliwi wala haimwagwi, na hupelekwa ikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali cha kukusanya taka za namna hiyo.