NENOSIRI: ISTILAHI MOJA, DHANA MBILI

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa umbo lake tu, bali hasa kwa jinsi inavyomwongoza mtumiaji. Kwa kipimo hicho, hatuna budi kulihakiki neno nenosiri kama litumikavyo katika maelekezo ya usalama wa mtandao pasiwaya wa nyumbani, maarufu kwa jina la waifai.

Kasoro ya kwanza ni ya dhana. Ruta ya nyumbani ina siri mbili. Moja humwezesha mtu kuunganisha simu yake na mtandao. Nyingine humwezesha msimamizi kuingia katika ruta yenyewe na kubadili mipangilio yake. Zote mbili huitwa nenosiri. Mwenye nyumba aambiwapo abadilishe nenosiri, hubadilisha ile ya kwanza akaridhika, ilhali ya pili imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Mgeni aliyepewa ya kwanza aweza kuikisia ya pili na kuitawala ruta. Hapa mtumiaji ametii maelekezo. Istilahi ndiyo iliyompotosha.

Kasoro ya pili ni ya umbo. Aombwaye neno hutoa neno: jina la mwanawe, au la mtaa wake. Kumbe utaratibu wa WPA2, uliotolewa mwaka 2004, unakubali herufi na alama 8 hadi 63, yaani hata sentensi nzima, ambayo ni vigumu zaidi kuikisia.

Upotofu wa namna hii haukuanza na Kiswahili. Jina la WEP, utaratibu wa mwaka 1997, lilidai usiri sawa na wa waya. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walidhihirisha udhaifu wake mkubwa. Jina likaendelea kuahidi lisiloweza kutimiza.

Wapo watakaosema kwamba nenosiri limekwisha kuzoeleka. Ni kweli, wala hatutaki lifutwe katika matumizi ya jumla. Lakini katika maelekezo ya ruta twapendekeza siri ya kujiunga iitwe ufunguo wa mtandao, na ile ya kuingilia mipangilio iitwe nywila ya msimamizi. Ufunguo mtu huweza kumkabidhi mgeni wake. Nywila ya msimamizi hubaki kwa mwenye nyumba. Aidha, hakuna kati ya hizo inayomwagiza mtumiaji achague neno moja.

Wasomaji wanakaribishwa kuyapima mapendekezo haya.