Palizi Isiyo na Jicho

Huku Bujonde, tukipalilia mpunga, mama alituonya: gugu hufanana na mche, tazama kabla ya kung'oa. Niliikumbuka kauli hiyo nilipoisoma upya programu fupi niliyoiandika mwenyewe, kufuta bidhaa zilizokwisha katika katalogi ya duka letu la mtandaoni. Kama maandishi, ni safi: hupita orodha ya namba, hutuma kwa kila moja amri ya kufuta, na seva hujibu 204, yaani imefutika. Lakini namba moja niliikosea; mchele wetu wa Kyela ukatoweka pamoja na magugu, na jibu likawa lile lile, 204. Programu njema, ndugu msomaji, ingehifadhi nakala, ikaonyesha orodha, ikasubiri ruhusa, ndipo ing'oe.