Mashine ya Kukata Majani: Tafuta Kwanza Kinachokatika

Anayetafuta mashine ya trekta ya kukatia majani hapa Babati huulizwa haraka: unataka ya mkanda au ya gia? Mimi naanza kwingine. Panga likigonga kisiki au jiwe, ni kitu gani kitaachia kwanza?

Kwenye mashine ya mkanda jibu liko wazi: mkanda utaslipu. Ila usidanganywe na mkanda mpya uliofungwa juu ya puli iliyokwisha. Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake, hivyo uvue uchungulie mfereji wa puli. Chini kukiwa kunang'aa, mkanda ulikuwa unakalia sakafu, na huo mpya nao hautakaa. Ikiwa mikanda mitatu inafanya kazi pamoja, ibadilishwe yote kwa mpigo. Mpya mmoja kati ya mikuukuu hubeba mzigo peke yake.

Mashine ya kawaida ya kukata majani, yaani slasha, ni ya gia, na hapo kazi ya kukagua huwa kubwa zaidi. PTO ya trekta, ile shafti inayoendesha mashine, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Giaboksi huongeza mwendo huo kabla haujafika kwenye mapanga. Zima trekta, shika shafti ya kuingilia, izungushe huku na huku kwa mkono. Kuchezacheza kidogo ni sawa. Ikizunguka sana kabla meno hayajakutana, gia zimelika au beringi zimechoka. Fungua kizibo, chovya kijiti, sugua oili kati ya vidole. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Punje zinazometameta ni chuma cha meno au beringi kinachosagika.

Kisha nyanyua mashine, iegemeze juu ya magogo imara (usiiamini haidroliki peke yake), uangalie chini ya giaboksi. Hapo ndipo wanunuzi wengi hawafiki. Majani marefu na vipande vya waya hujiviringisha kwenye shafti ya mapanga, hupanda hadi kwenye sili na kuikata. Oili huvuja pole pole, na mwenye mashine hushtuka giaboksi ikishaungua.

Sasa rudi kwenye swali la mwanzo, uangalie pini ya usalama, ile boliti iliyotengenezwa ikatike panga likigonga kisiki. Kitabu cha mashine kinasema iwe ya ugumu gani. Nikikuta pale kipande cha nondo, au boliti ya 10.9 mahali pa boliti laini, naiacha mashine hiyo hata ikiwa rangi inang'aa. Kila kishindo kilichotakiwa kuishia kwenye pini kimepita hadi kwenye meno ya gia, na pengine hadi kwenye PTO ya trekta.

Kwa pori, vichuguu na mabua ya mahindi, mimi nachukua gia yenye pini sahihi au klachi ya kuslipu inayoteleza kweli. Kwa shamba safi la majani ya ng'ombe wa maziwa, mkanda unatosha, maana fundi wa mashine za kusaga anaufahamu na anaweza kuubadilisha siku hiyo hiyo.