Huria si Bure: Tathmini ya Hoja za Kuhamia Programu Huria

Wito wa kuwataka watumiaji waachane na programu za umiliki na kuhamia programu huria mara nyingi hujengwa juu ya hoja ya gharama. Hoja hiyo ni dhaifu. Mtumiaji aliyewekewa nakala isiyo na leseni na fundi wa mtaani haoni kwamba ameinunua programu. Kumwambia kuwa programu huria ni ya bure ni kumpa alichokwisha kukipata.

Kiswahili kinatoa msingi ulio imara zaidi. Kiingereza hutumia neno moja kwa dhana za "bure" na "huria", hata Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, akalazimika kulifafanua mara kwa mara. Kiswahili kina maneno mawili. Mtetezi anayetanguliza "bure" anaitupa silaha aliyopewa na lugha yake.

Thamani ya uhuria ilidhihirika mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswidi, kilipotoa Jambo OpenOffice. Watafsiri hawakuhitaji kumwomba mmiliki kibali. Leseni yenyewe iliwaruhusu. Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili, lakini uamuzi wa kukitoa, kukiendeleza au kukiacha ulibaki mikononi mwake.

Hata hivyo, mfano huohuo unafichua kasoro ya pili ya wito huu: kuichukulia tafsiri kuwa tukio la uzinduzi. Mwaka 2010 LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice.org, na kila toleo jipya huleta menyu na istilahi mpya. Haki ya kutafsiri isiyo na watafsiri hubaki kwenye karatasi. Hata utashi wa kisiasa hubadilika: jiji la Munich, Ujerumani, lililokuwa limehamia Linux, liliamua mwaka 2017 kurejea Windows.

Kwa hiyo, sera za kanda zianze na muundo wa mafaili badala ya kampeni. ODF, iliyokubaliwa na ISO mwaka 2006, huiwezesha ofisi kubadili programu bila kupoteza nyaraka zake. Pili, bajeti itengewe tafsiri endelevu, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu istilahi ili Kampala, Kigali na Dodoma zisitafsiri menyu moja kwa namna tatu. Bila hayo, mtumiaji atakayehama atakuwa amebadilisha mwenye nyumba tu, huku lugha yake ikiendelea kuwa mpangaji.