Akili Bila Mwenyewe: Mnemba, Unde na Bandia Mbele ya Jina la Ruanda

Mjadala wa istilahi ya teknolojia inayoitwa nchini Tanzania akili mnemba umekaa mno kwenye kivumishi, na nomino imepita bila kukaguliwa. Mnemba imeshika katika matumizi ya serikali na vyombo vya habari vya nchi hiyo. Kando yake zingalipo akili unde na akili bandia. Uteuzi kati ya maneno haya si suala la ladha tu, kwani kila moja limebeba hukumu yake juu ya kitu kinachotajwa.

Bandia ndilo lenye historia nzito zaidi katika vinywa vya watu. Mtoto wa bandia hamdanganyi yeyote. Anayemchezea anajua kuwa ni kitambaa. Noti bandia, kinyume chake, imetengenezwa ili idanganye. Katika mji wa mpakani kama Tunduma, ambako shilingi na kwacha hubadilishana mikono, neno hili haliwezi kusikika kama neno tulivu. Mkulima wa mahindi wa Mbozi naye anajua kwamba ubandia wa mbegu hubainika wakati mvua imekwisha kupita. Huenda ikadaiwa kuwa istilahi ya kitaaluma haipaswi kubeba dharau. Lakini dharau hiyo ina faida: inamfunza mtumiaji kupima kabla ya kuamini. Kasoro yake ni nyingine. Bandia hudokeza nia ya kulaghai, na mashine haina nia.

Unde, kwa umbo lake, limeundwa kama teule kutokana na teua: linataja matokeo na kumwacha mtendaji nje. Hata hivyo kitenzi unda hakikubali kufichwa kwa urahisi, maana kila kilichoundwa kina waundaji. Mwezi Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili ili mfumo wa ChatGPT uwe salama kwa watumiaji. Unde ingeweza kuliweka wazi swali la kazi hiyo; mnemba, ambalo kwa wasemaji wengi halifungamani na kitenzi chochote wanachokitumia, linalifunika.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika akili yenyewe. Katika Kiswahili akili si wepesi wa kukokotoa pekee. Mtoto anayejibu wakubwa ovyo huambiwa hana akili, hata kama anaongoza darasani kwa hesabu. Neno hili linajumuisha busara na utambuzi wa nani yuko mbele yako. Jina la Ruanda linatosha kuwa mfano. Ipo kata ya Ruanda wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Ipo nyingine katika Jiji la Mbeya. Ipo nyingine Mbinga, mkoani Ruvuma. Tena tahajia hiyohiyo ilitumika kwa nchi jirani enzi za Ruanda-Urundi. Kondakta wa basi mjini Mbeya akiambiwa na abiria kwamba anakwenda Ruanda, huuliza ipi, au hutazama mizigo yake na kukisia. Mfumo uliofunzwa kwa marudio ya maneno katika maandishi una kila sababu ya kuelekea kule kulikoandikwa zaidi.

Itajibiwa kwamba mfumo ukipewa muktadha huweza kutofautisha. Ni kweli, na jibu hilo ndilo linalofichua jambo: muktadha unatolewa na mtu, nao sharti uwe umeandikwa. Songwe ni mkoa wa Kinyiha na Kinyamwanga, lugha ambazo Guthrie aliziweka katika kundi M20, na ambazo maandishi yake ni machache kuliko mazungumzo yake. Kiswahili kinachosemwa huko hukaa jirani nazo kila siku, sokoni na kilabuni. Kiswahili kinachoifikia mashine, kwa kiasi kikubwa, ni cha magazeti, tovuti na tafsiri. Kinachotoka ni fasaha, ila ufasaha huo hauna kijiji.

Mwaka 2021 Emily Bender, Timnit Gebru na wenzao walizifananisha modeli kubwa za lugha na kasuku. Sitiari hiyo inaingia vizuri katika Kiswahili, ambamo kukariri kama kasuku ni lawama ya siku nyingi shuleni. Lakini inamwonea ndege. Kasuku hufugwa katika nyumba inayojulikana. Akitukana, majirani wanajua matusi yametoka kwa nani. Modeli imelishwa na maelfu kwa maelfu ya nyumba ambazo hazikuulizwa wala hazitajwi.

Hapo ndipo hasara inapomwangukia mtafiti. Mwanafunzi wa uzamili anayechunguza majina ya mahali ya Kinyiha, akipewa na mashine maana ya jina Ruanda, hupokea sentensi iliyonyooka isiyo na msimulizi. Mzee wa Mbozi akikosea, anaweza kurudiwa na kuulizwa alilisikia kwa nani. Huenda akataja jina la mzee mwingine wa kitongoji cha pili, na utafiti ukaendelea kwa miguu kuelekea huko.