Robo Saa ya Mahenge

Aghalabu mapigano ya Mahenge ya tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, husimuliwa kwa maneno machache: kwamba maelfu ya watu walionyunyiziwa dawa ya maji waliliendea boma la Wadachi kifua wazi, wakiitakidi kuwa risasi zitageuka maji, na kwamba bombomu mbili zikawafyeka. Maneno hayo si ya uwongo, ila hayafafanui kitu. Maana humwacha msomaji akidhani kuwa siku ile imani ilipambana na chuma na hadithi ikaishia hapo, ilhali mwenye kuyafuata matukio hatua kwa hatua ataona kuwa waliopanga shambulio walikuwa na tadbiri yao, tena tadbiri ya watu wenye akili, na kwamba kilichowaponza kilikuwa ni saa na ardhi zaidi ya kile walichokiamini.

Tuanze na hayo maji ya dawa, kwa kuwa ndiyo yaliyowakusanya watu. Katika milima ya Uluguru, upande wa mashariki, lipo pango la Kolelo, ambako tangu zamani Waluguru, na Wazaramo kutoka nyika za pwani, walikuwa wakienda kuomba mvua na neema ya mazao; na nguvu iliyotajwa Uluguru kwa jina la Kolelo ilikuwa na jamaa yake katika mto Rufiji kwa jina la Bokero. Kwa hiyo mganga Kinjikitile Ngwale alipoibuka Ngarambe mwaka 1904 na kuanza kugawa dawa yake, hakuzua njia mpya, bali alipita katika njia zilizokwisha kukanyagwa na mahujaji wa mvua kwa vizazi kadhaa, kutoka mlimani hadi bondeni na kutoka kabila hadi kabila. Wajumbe walioitwa hongo waliyachukua maji hayo wakayafikisha Ulanga, na pamoja na maji yakaja masharti: asiibe mtu mali, asilale na mwanamke muda wa vita. Mwenye kuyaona masharti hayo kuwa ni ushirikina mtupu na ajiulize ni jeshi gani duniani lisilokuwa na amri za namna hiyo. Wapogoro wa huko Ulanga hawakuwa na sultani mmoja wa kuwaamuru. Wambunga wa bonde la Kilombero walikuwa na desturi zao za vita zenye asili ya Kingoni. Na hawa wawili walisimama upande mmoja kwa maji hayo na masharti yake, hali Kinjikitile aliyeyaanzisha alikwisha kunyongwa Mohoro tangu tarehe 4 Agosti.

Sababu za ghadhabu zinajulikana, nami sitazirefusha: pamba ya kulazimishwa, viboko vya maakida, na kodi ya rupia 3 kwa kila mwanamume mzima iliyotangazwa mwaka ule ule wa 1905.

Boma la Mahenge lilikuwa na mnara, nalo limejengwa mahali pa kuona mbali, katika nchi ya vilima iliyo juu ya bonde la Kilombero. Mkuu wake, Kapteni von Hassel, alikuwa na askari wapatao 60, wenyeji waliobaki upande wake, Wazungu wachache, pamoja na wamishenari wa Kibenediktini waliokimbia kutoka misheni yao ya Kwiro. Askari wake walishika bunduki za mtindo wa 1871, za risasi moja moja, zitoazo moshi mwingi. Ni silaha iliyokwisha kupitwa na wakati huko Ulaya, lakini yenye kuua kwa umbali wa mita mia kadhaa. Washambuliaji walikuwa na mikuki na magobore. Gobore humiminiwa baruti mdomoni, ikashindiliwa kwa mdeki, ikafuata risasi au kipande cha chuma, kisha ikawekwa fataki. Na baada ya kazi yote hiyo halina uhakika wa kumpata mtu aliye mbali zaidi ya hatua 80 au 100. Basi baina ya mahali ambapo Mpogoro aliweza kuuawa na mahali ambapo yeye naye aliweza kuua palikuwa na uwanda mtupu, na hesabu yote ya vita vile ilikuwa ni namna ya kuuvuka uwanda huo.

Safu ya kwanza iliuvuka kwa mwendo wa kutembea. Mmishenari mmoja aliyekuwamo bomani ameeleza kwamba, ingawa watu walianguka wengi, waliobaki walishika mpango wao kwa muda wa robo saa nzima, wakizidi kusogea chini ya risasi, ndipo safu zikavunjika na watu wakajificha nyuma ya mawe. Robo saa! Bombomu ya Maxim hutoa risasi 500 na zaidi kwa dakika moja. Majeshi ya Ulaya yaliyofunzwa kwa miaka yalikuja kushindwa kustahimili moto wa namna hiyo katika vita vya 1914. Na hawa walikuwa ni wakulima. Hapa ndipo ninapoiona kazi halisi ya maji: hayakuzuia risasi, lakini yalizuia miguu isigeuke. Ubaya wake ni kuwa nidhamu hiyo hiyo iliwaweka wakiwa wamesongamana, tena wakienda polepole, katika mahali ambapo askari mwenye busara hutawanyika na kukimbia.

Kisha likaja jambo ambalo wasimuliaji wengi huliruka. Bomani ukapigwa ukelele kwamba adui mwingine anatokea upande wa Gambira, na walipotazama waliona moshi mzito ukipanda kutoka katika skuli tatu za misheni, na kikosi cha watu wasiopungua 1,200 kikija. Kikosi hiki hakikutembea. Kilipiga mbio mpaka kijijini, nyumba zikakisitiri, kikatokea upande wa pili kikipanda kwa kasi njia iendayo bomani. Na wa mbele wao waliangukia hatua tatu tu kutoka mstari wa wapigaji bunduki.

Tofauti ya vikosi hivyo viwili yafaa itazamwe kwa makini. Wote walinyunyiziwa maji yale yale na wote walikuwa na silaha zile zile. Wa kwanza hawakufika popote, na wa pili walikaribia kumgusa adui kwa mkono. Kilichowatenga ni nyumba za udongo na mbio. Wahehe waliijua siri hiyo miaka 14 nyuma, pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, walipokaa kimya katika kichaka kando ya njia hata kikosi cha Kidachi cha Emil von Zelewski kikapita karibu nao, wakakirukia kwa mikuki na kukimaliza kwa dakika chache kabla bunduki hazijapata nafasi ya kusema. Na Wambunga wenyewe, katikati ya mwezi ule ule wa Agosti, walikwisha kuitwaa Ifakara, ambako askari walikuwa ni wachache na hapakuwa na bombomu wala mnara.

Na lau vikosi viwili vingelifika pamoja? Bombomu ni mbili. Ni nzito, zakaa juu ya miguu yake, na kila moja hutazama upande mmoja kwa wakati mmoja. Tena Maxim hupozwa kwa maji, lita zipatazo 4 zilizomo ndani ya gamba lizungukalo mtutu, ambayo huchemka baada ya kupiga mfululizo na kutaka kuongezwa. Kwa hiyo mtu aweza kusema kwamba siku ile pande zote mbili zilitegemea maji. Muda uliopita baina ya kikosi cha kwanza na cha pili ndio uliowapa Wadachi nafasi ya kugeuka. Na ule moshi wa skuli ukawa ni mpiga mbiu. Naelewa kwa nini zilichomwa, maana mtu aliyejaa hasira hapiti mbele ya nyumba ya anayemchukia akaiacha salama; lakini kwa hesabu ya vita ilikuwa ni taksiri kubwa, kwa kuwa iliwatangaza watu ambao salama yao yote ilikuwa katika kutoonekana. Kuchoma kungeliweza kungoja jioni.

Hata hivyo Mahenge haikuwa huru kwa kushinda siku moja. Boma lilihusuriwa kwa majuma kadhaa, hata Kapteni Nigmann alipofika na kikosi chake kutoka Iringa mwezi wa Septemba. Baada ya hapo wapiganaji waliacha kuyaendea maboma kwa safu, wakaingia msituni, wakavizia njiani, wakashambulia na kutoweka. Yaani walijifunza, tena upesi. Wadachi nao walijifunza. Waliona kuwa mtu asiyekuja tena mbele ya bombomu bado anakula, wakaanza kuchoma mashamba na vihenge, kutwaa mifugo na kuzuia watu wasilime. Serikali yao ilihesabu watu 75,000 waliokufa katika vita vyote vya Maji Maji. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kuwa ni kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wa hao waliuawa na njaa.