Taa Isiyotazamwa Nayo Humchelewesha Dereva

Barabara ya Florida inapanda kutoka barabara ya Lilian Ngoyi hadi Mitchell Park, ikikata Morningside, Durban. Usiku wa mwisho wa wiki ni mtihani mzito kwa macho ya dereva. Nyumba za kale zimegeuzwa migahawa, teksi za abiria husimama ghafla, na watu huvuka popote. Sasa chukua tangazo la taa linalobadilika kando ya njia kama hiyo, na dereva asiyeligeukia hata kidogo. Je, limemgharimu chochote? Limemgharimu muda, na namna jambo hilo lilivyogunduliwa ni kazi nzuri ya kisayansi.

Jicho halitelezi juu ya mandhari. Hutulia, huruka, hutulia tena, kama mara tatu kwa sekunde. Kitu kikichomoza pembeni, hupita takriban milisekunde 200 kabla jicho halijaanza kukirukia. Ishara za neva zingeweza kufanya safari hiyo kwa muda mfupi zaidi, hivyo sehemu kubwa ya kungoja huko ni uamuzi: kuacha cha zamani, kushika kipya. Mwaka 1967 mtafiti Saslow alizima nukta ambayo watazamaji waliikodolea macho, kitambo kidogo kabla shabaha haijawaka. Miruko ikaanza mapema. Kumbe kilichopo chini ya macho hulizuia jicho lisiondoke.

Miaka 30 baadaye, Robin Walker, Heiner Deubel, Werner Schneider na John Findlay waliuliza swali la pili: na kisichotazamwa je? Mtu anakazia nukta ya katikati, shabaha inawaka kwenye mstari wa mlalo, naye anairukia. Safari nyingine, papo hapo shabaha inapowaka, kinawaka pia kitu kingine kisicho na kazi yoyote, yaani kivurugaji. Watafiti walikihamisha kitu hicho huku na huku, karibu na mbali, kila upande. Uhodari wao ulikuwa kupima mambo mawili pamoja: jicho lilianza lini, na lilitua wapi.

Matokeo yaligawanyika vizuri ajabu. Kivurugaji kikiwa upande uleule wa shabaha, ndani ya digrii 20 hivi kutoka kwenye mwelekeo wake, jicho halikuchelewa, ila lilitua kombo, likivutwa kati ya viwili. Kikiwa kwingineko, lilitua sawasawa lakini lilichelewa kuondoka, mara nyingi kwa milisekunde 20 hadi 40. Ucheleweshaji ulikuwa mkubwa zaidi kitu kilipowaka pale pale jicho lilipotulia, ukapungua kadiri kilivyosogea mbali. Waandishi walieleza kwamba eneo la ubongo wa kati linaloongoza miruko lina sehemu ya kulituliza jicho, na sehemu hiyo ni pana kuliko ilivyodhaniwa: mwanga wa mbali nao huiamsha.

Mimi hata hivyo naona wastani wa ucheleweshaji huo unaficha jambo. Eyal Reingold na Dave Stampe walibadilisha skrini kwa kitambo kidogo mbele ya watu waliokuwa wakisoma. Miruko ambayo ingeanza kama milisekunde 100 baada ya badiliko ilipungua mno, kama shimo katika hesabu ya miruko, kisha ikarudi kwa wingi. Mwaka 2008 Antimo Buonocore na Robert McIntosh wakaonyesha kwamba shimo hilo ndilo lililo nyuma ya ucheleweshaji wa kivurugaji. Maana yake, mruko uliokwisha kuanza hauguswi kabisa, na ule ulionaswa kwenye shimo huchelewa kuliko wastani unavyosema.

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Milisekunde 30 ni nusu mita. Ni kidogo, nakubali, na majaribio haya yalifanyika mbele ya skrini, mtu ametulia kitini. Lakini nusu mita hiyo inatangulia kila kitu kingine: kutambua kwamba yule ni mtoto, kuinua mguu, kukanyaga breki.

Kinachosumbua hasa ni badiliko la ghafla. Taa ya mgahawa inayowaka bila kupepesa usiku kucha haina nguvu hiyo. Picha inayobadilika kufumba na kufumbua inayo, hasa ikiwa imetundikwa karibu na mstari ambao dereva anautazama, kwa mfano mbele yake kwenye kona. Kwa hiyo anayetoa kibali cha tangazo aulize kwanza linabadilikaje na limekaa wapi, ndipo aulize ukali wa mwanga.

Na lipimwe ipasavyo. Kamera inayohesabu ni mara ngapi dereva amelitazama tangazo itaandika sufuri kwa mruko uliocheleweshwa na tangazo hilohilo. Kipimo kinachofaa ni muda kati ya mtu kuonekana ukingoni mwa barabara na jicho la dereva kumfikia, mara moja picha ikiwa imetulia, mara nyingine ikiwa inabadilika.